Sweta la Sajini Quaresma

Jumatatu, 6 Februari 2017

Baridi. Goti la kushoto linauma. Nimeanza shajara mpya, kwa sababu ile ya zamani dada yangu Bernadette aliisoma na akacheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho.

Habari kubwa! Lisbon! Mtu wetu wa Lisbon anastaafu mwezi wa nne. Polisi wa jiji hili wana watu wao ng'ambo, mmoja mmoja, kila mmoja na mji wake. Kazi yao ni kukaa na polisi wa huko, kunywa nao kahawa, na bomu likilipuka wapige simu nyumbani kabla televisheni haijajua. Nafasi moja. Meza moja. Na bahari, wanasema, na jua hata mwezi wa pili.

Naitaka. Sijataka kitu namna hii tangu mke wangu Noreen aondoke na jokofu. Nina miaka hamsini na moja. Naishi chumba cha chini kwa Bernadette, Queens, pamoja na tangi la maji ya moto na paka anayenichukia. Miaka kumi na minne niko kwenye kikosi cha kupambana na ugaidi, na tisa kati ya hiyo nimeimaliza stesheni ya treni za chini, nyuma ya meza ya kukunja, nikichungulia mabegi ya watu. Sandwichi nimeziona nyingi. Gaidi sijamwona.

Orodha ya Lisbon ina majina mawili. Langu, na la Sajini Adelino Quaresma.

Quaresma! Tulikaa gari moja la doria miaka kumi na moja. Sasa tunasimama meza moja. Kireno amekinyonya kwa mama yake. Mimi nimeanza kujifunza leo kwenye simu. Mpaka sasa naweza kusema kwamba farasi anakula tufaha.

Nilimwuliza, kwa mkato tu, kama ameshajiandaa kwa usaili wa Ijumaa. Akasema Lisbon ni mbali, Gerry, akaangalia pembeni. Mbali! Mtu anayesema hivyo ameshafunga sanduku.

Jumanne, 7 Februari

Mvua. Siku mbaya. Hakuna chakula!

Nieleze, maana atakayeichapisha shajara hii nikishakufa hatajua. Kila Jumanne, tangu Noreen aondoke, Filomena, mke wa Quaresma, hunipikia. Samaki wa chumvi na viazi na mayai na zeituni, ndani ya bakuli lenye mfuniko wa kijani. Miaka mitatu amekosa Jumanne moja tu, mwezi wa kumi na mbili, alipokwenda kwa shangazi yake. Leo Quaresma kaja mikono mitupu. Akasema Filomena ana shughuli.

Shughuli gani? Nimelielewa mara moja. Nimekuwa mshindani, basi nimekatiwa chakula. Sikutegemea hivyo kwa Filomena. Nimekula donati lililolala, na roho imeniuma kweli.

Lakini ngoja. Limetokea jambo.

Kila mmoja wetu anavaa kipima mionzi kiunoni, kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara. Mtu akipita na kitu chenye mionzi, kidude kinalia na kutoa namba, sifuri mpaka tisa. Ukuta wa mawe wa stesheni unasoma moja. Mzee aliyetoka hospitalini kupimwa moyo anasoma tano; unamwuliza kwa upole, unamtakia afya njema. Miaka tisa, kila mlio umekuwa hospitali. Hata hivyo kuna hatua nne, zimebandikwa ndani ya kabati la kila mtu. Ya kwanza, pima tena. Ya pili, lete sanduku la manjano, linataja jina la mionzi. Ya tatu, pigia simu wataalamu. Ya nne, tangaza kwenye redio, stesheni ifungwe. Ya nne sijawahi kuiona.

Saa moja asubuhi Quaresma akasimama kando yangu. Kidude changu kikalia. Tatu!

Nikaangalia abiria. Hakuna aliyekuwa karibu. Quaresma akaenda kununua kahawa. Kimya. Akarudi. Tatu. Nikakitingisha kidude. Tatu vilevile. Quaresma akasema labda betri. Akalisema upesi mno.

Halafu ndipo nikaona. Kidude chake yeye, kiunoni pake mwenyewe, hakikutoa hata mlio mmoja. Amekizima! Sajini wa miaka ishirini na tano kazini!

Nikajifanya hamnazo. Nikasema ndiyo, betri.

Jumatano, 8 Februari

Sikulala vizuri. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Jibu ni moja tu: Quaresma mgonjwa. Moyo. Amepimwa kimyakimya na anaficha, kwa sababu daktari wa polisi akijua, jina lake linatoka kwenye orodha siku hiyohiyo. Anayekwenda ng'ambo lazima awe mzima.

Kumshtaki siwezi. Kikosi hiki kinasamehe mambo mengi lakini mchongezi hata mbwa hawamsogelei, na mbwa wetu wana vyeo. Lazima itokee yenyewe. Lazima kidude kilie mbele ya Luteni Braithwaite, bosi wetu, kwa bahati mbaya kabisa.

Tena ni wema. Mtu mwenye moyo mbovu atafanya nini Lisbon, mji wa vilima?

Mpango wa kwanza: gwaride la asubuhi. Nimeongeza sauti ya kidude mpaka mwisho. Nimejipanga kando ya Quaresma, bega kwa bega.

Kimya.

Nikasogea. Kimya. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, kiuno changu kikagusa chake. Kimya kabisa! Luteni Braithwaite akaacha kusoma majina. Yeye ni mama mnene mpole, wazazi wake wametoka Barbados. Akipaza sauti, usiogope. Akishusha, andika wasia. Alishusha. Akauliza kama Sajini Tumulty, yaani mimi, amechumbiwa na Sajini Quaresma, na kama ndivyo, harusi lini, ili anunue kofia. Kikosi kizima kikacheka. Yule mpelelezi Lindqvist wa ghorofa ya saba, ambaye hata hahusiki na gwaride letu, alikuwa anapita na chai yake, naye akacheka.

Ghorofa ya saba ndio wasomaji. Kuna wanaosoma dunia nzima wala hawatoki nje. Kuna wanaosimama mbele ya majengo maarufu na bunduki ndefu na kupigwa picha na watalii. Kuna wanaozungukia maduka ya mbolea na ya magari ya kukodi kuuliza nani kanunua nini. Kuna walioazimwa na serikali kuu, wanakaa jengo jingine, na tukikutana kwenye lifti hawatusalimii. Wote wanaandika. Kila anachoandika mmoja kinapelekwa kwa wengine nakala. Na mwisho wa foleni, chini kabisa, ipo meza ya kukunja.

Leo kulikuwa na joto la ajabu, mwezi wa pili na watu wamevua makoti! Quaresma alikuwa na shati tu. Kwa nini kidude hakikulia? Nimewaza njia nzima ya kurudi. Nimeelewa: mionzi ya kupimia moyo inaisha kwa siku moja. Nimechelewa. Nimekula supu ya kopo pamoja na paka. Alinitazama kama aliyekwishapata habari za Lisbon.

Alhamisi, 9 Februari

Theluji. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Usiku hali ilibadilika. Asubuhi theluji ilikuwa imefika magotini. Nusu ya zamu haikufika. Mimi nilifika, lakini glavu nilisahau kwa Bernadette. Quaresma akaona vidole vyangu. Akavua zake akanipa. Nikakataa. Akasema, "Vaa bwana, usinitie aibu, utakuja kukatwa vidole halafu nani atafungua mabegi?" Nikavaa. Zilikuwa na joto lake bado.

Kidude kikalia. Tatu!

Nikasema moyoni: kapimwa tena jana! Moyo umeoza kabisa!

Na Alhamisi ndiyo siku Luteni anazungukia meza zote. Saa mbili kasoro nikamwona anashuka ngazi, anakung'uta theluji mabegani. Abiria wamejaa mpaka ukutani. Sasa au basi tena. Nikapiga hatua mbili nyuma ili nisionekane namlenga mtu. Kidude kinalia. Luteni bado yuko mbali, anaongea na muuza magazeti.

Nilijua hatua ya pili. Sanduku la manjano lilikuwa chini ya meza, hatua moja kutoka mguu wangu. Ningelifungua, lingesema hospitali, tungeandika mstari mmoja kwenye daftari, na Luteni angepita zake. Mstari mmoja kwenye daftari haumtoi mtu kwenye orodha.

Nikashika redio. Nikasema maneno ya hatua ya nne.

Nilidhani atakuja Luteni. Ndivyo nilivyodhani, naapa. Nilidhani atakuja mbio, atauliza nini, nitashangaa, na Quaresma atalazimika kusema.

Wakaja wote.

Kwanza milango ikafungwa. Treni zikapita bila kusimama, nyuso zimebanwa kwenye vioo. Kisha mbwa wawili. Kisha wale wa bunduki ndefu. Kisha gari kubwa la wataalamu, wanaume wanne wa nguo nyeupe kama mayai. Kisha helikopta. Kisha watu wa serikali kuu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne mmoja wao akanisalimia. Akaniuliza chanzo kiko wapi.

Abiria wakatolewa nje kwenye theluji. Makelele! Mwanamke mmoja akanipigia kelele usoni kwamba kazini watamfukuza, je, nitamlisha mimi? Mzee mmoja akasema acha, mama, hawa wanalinda maisha yetu, na yule mwanamke akamwambia basi yeye ndiye anilishe mimi, maana ninavyoonekana sina mtu.

Na vipimo vyao vyote, vikubwa na vidogo, vikaelekea kwa mtu mmoja.

Wakampeleka nje, kwenye njia ya miguu, mbele ya mkanda wa manjano. Wakamwambia avue. Koti. Fulana ya kuzuia risasi. Sweta. Akabaki na singlendi nyeupe kwenye theluji, mikono kifuani, kitambi kinatetemeka. Wakapitisha kipimo mwilini mwake. Kimya. Wakapitisha juu ya sweta. Likalia.

Lilikuwa sweta la kazi tu, la bluu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mweusi. Mtaalamu aliliinua kwa koleo refu na kulisomea sanduku. Akasema kwa sauti, kwa sababu ya helikopta, kwamba ni dawa ya hospitali, ya tezi ya shingo, kiasi kidogo, haimdhuru mtu. Akauliza la nani.

Quaresma akasema langu. Kisha akasema, "Lakini amelilalia mke wangu."

Ikabidi aeleze. Watu kumi na mmoja wamemzunguka, na nyuma ya mkanda abiria na simu zao juu. Filomena ana saratani ya tezi. Alipasuliwa mwezi wa kumi na mbili, ule wakati tulipoambiwa amekwenda kwa shangazi yake. Ijumaa iliyopita alimeza kidonge cha mionzi, na wiki nzima lazima akae chumbani peke yake, mtu asimguse. Quaresma anamwekea sahani mlangoni na kurudi nyuma. Usiku wa kwanza alilia akaomba kitu kimoja tu, sweta la mumewe, alale nalo. Jumanne asubuhi lilikuwa limening'inia kwenye kitasa cha mlango. Akalivaa.

Yule wa serikali kuu akamwuliza kama hakujua litalia. Sajini mzima!

Akasema alijua, kwenye treni tu kidude chake kilishalia. Akakizima. Yule mtu akauliza kwa nini basi asilivue. Meno ya Quaresma yalikuwa yanagongana. Akasema lilikuwa na harufu ya Filomena.

Luteni Braithwaite akavua koti lake mwenyewe akamfunika mabegani.

Stesheni ilifungwa dakika arobaini na saba. Mimi nilisimama pale wakati wote. Nilikuwa nimevaa glavu zake.

Ijumaa, 10 Februari

Hakukuwa na usaili. Niliitwa ofisini kwa Luteni. Mlango ukafungwa. Sauti ilikuwa chini sana, ikabidi niinamie meza ili nisikie.

Akaniuliza hatua ya pili ni ipi. Nikasema sanduku la manjano. Akauliza lilikuwa wapi. Nikasema chini ya meza. Akauliza umbali. Nikasema kwamba kwa hali ya hatari ilivyokuwa sikuwa na nafasi ya kupima. Akanitazama mpaka nikasema hatua moja.

Kisha akafungua droo akatoa karatasi, akaigeuza niisome. Barua ya Quaresma. Anaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya Lisbon kwa sababu za kifamilia. Tarehe: Jumatatu, tarehe sita.

Jumatatu! Yaani kabla ya Jumanne. Kabla ya kidude. Kabla ya kitu chochote!

Luteni akasema basi orodha ilikuwa na jina moja. Akasema barua yangu ya Lisbon ilikuwa imeshachapwa. Alikuwa nayo mfukoni jana asubuhi. Alishuka zile ngazi kuja kunipa.

Nilitaka sakafu ipasuke inimeze. Haikupasuka, ni saruji.

Lisbon anakwenda Lindqvist. Anajua lugha nne, na hajawahi kufunga stesheni.

Nikauliza juu ya Quaresma. Nadhani niliuliza. Luteni akasema kuzima kipimo ni kosa, na kosa dogo kama lile yeye angelimaliza hapahapa kwa maneno mawili makali na kikombe cha chai. Lakini sasa wataalamu wameandika. Serikali kuu wameandika. Ghorofa ya saba wameandika. Wenye mbwa wameandika. Nakala ziko kwenye meza tano na yeye anatawala moja. Quaresma ameondolewa zamu ya asubuhi. Kuanzia Jumatatu ni mlinzi wa mdomo wa barabara ya chini ya mto, zamu ya kubadilishana, wiki moja mchana, inayofuata usiku. Akasema Quaresma aliomba kitu kimoja tu mwaka huu mzima, abaki asubuhi, ili saa tisa awe nyumbani kwa mkewe.

Nikasema hilo sikulijua. Akasema ndiyo, Sajini, hukujua. Akaniambia nitoke.

Kwenye lifti nilikutana na Lindqvist. Nikampongeza kwa Kireno. Akanijibu kwa upole kwamba nimemwambia farasi anakula tufaha.

Jumapili, 12 Februari

Theluji imegeuka matope. Bernadette alishuka na simu yake. Video! Watu laki mbili wameshaitazama. Sajini mnene amesimama na singlendi kwenye theluji, na sauti inasikika vizuri, mke wangu ana saratani. Mama yake Filomena, bibi wa miaka themanini na tatu, anakaa Mineola nyumba ya tatu kutoka kwao, hakuwa ameambiwa. Wameshindwa jinsi ya kumwambia tangu mwezi wa kumi na mbili. Mjukuu alimwonyesha video akidhani inachekesha.

Haya yote Bernadette ameyajua kanisani. Akaniuliza kama namfahamu mjinga aliyepiga ile redio. Nikasema watu wengi wana redio. Akanitazama muda mrefu, akapanda juu bila kuniachia chakula.

Nimejisikia vibaya. Naliandika wazi, kwa sababu shajara ni ya kweli. Nikaamua nimwandikie Quaresma barua ya msamaha.

Mpenzi ndugu Lino. Mpaka hapo ilikwenda vizuri. Nikaandika kwamba nasikitika kwa yaliyompata. Kisha nikaona haki nieleze upande wangu. Kwamba kama angeniambia Jumatatu amejitoa, yote haya yasingetokea. Kwamba mtu uliyekaa naye gari moja miaka kumi na moja unamwambia mambo. Kwamba nilidhani Filomena amenikasirikia. Kwamba mimi pia nimepoteza, nimepoteza Lisbon, na hakuna aliyenifunika koti. Kufika ukurasa wa nne nilikuwa namdai yeye aniombe radhi.

Nimeisoma. Ilikuwa barua nzuri sana. Sikuituma, sina stempu.

Jumatatu, 13 Februari

Upepo. Meza ya kukunja, peke yangu. Kazi ya Quaresma, kuwachagua abiria, na kazi yangu, kufungua mabegi, sasa zote nafanya mimi. Kila mtu wa kumi. Nilikuwa napoteza hesabu. Quaresma alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo na kuwatania, mama leo umeshinda bahati nasibu, hebu tuone zawadi. Walikuwa wanacheka na kufungua wenyewe. Kwangu hakuna aliyecheka. Mmoja alinitambua kutoka kwenye video. Siko kwenye video ila kiwiko, lakini alikitambua.

Wale wa bunduki ndefu walikunywa kahawa upande wa pili wa ukumbi. Zamani walikuwa wanakuja mezani. Kumbe walikuwa wanamfuata Quaresma. Mbwa pia. Yule mmoja, Sajini Biskuti, alipita mbele yangu akageuza kichwa.

Glavu zake bado ninazo. Nilifikiri kuzipeleka kule mtoni baada ya kazi. Lakini ni mabasi mawili, na goti.

Jumanne, 14 Februari

Jua, lakini baridi. Siku ya wapendanao. Abiria wengi wana maua, na kila ua nimelichungulia.

Saa sita nilikuwa naangalia chini, natafuta yule wa kumi, nikaona viatu ninavyovijua. Quaresma. Yuko njiani kwenda zamu yake ya mchana. Amekonda usoni. Amevaa koti jipya, chini yake hana sweta. Wamelichukua, ni ushahidi.

Nikasema habari za mtoni. Akasema upepo. Akasimama. Kisha akauliza, "Nimechaguliwa au nipite?"

Nikasema pita tu, Lino. Akasema hapana, tufuate hatua. Akafungua begi lake mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akiwafundisha abiria, akatoa bakuli lenye mfuniko wa kijani, akaliweka mezani.

Akasema Filomena ameruhusiwa kupika tangu jana. Daktari amesema hana mionzi tena, mengine watajua mwezi wa tano. Akasema kitu cha kwanza alichopika ni hiki. "Nilimwambia asikupikie," akasema. "Nilimwambia wazi. Akasema leo Jumanne, na yule mtu atakufa na makopo yake."

Hakutabasamu. Wala hakunitukana. Akafunga begi. Nikakumbuka glavu, ziko mfukoni, nikaanza kuzivuta, lakini kidole kimoja kilinasa kwenye funguo. Nilipozitoa alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa mitupu, ameiingiza makwapani.

Bakuli likabaki mezani. Lilikuwa la moto. Nilikaa nalitazama muda mrefu, watu wanapita, sikumsimamisha hata mmoja. Miaka mitatu, na sikumbuki kama niliwahi kurudisha lile bakuli limeoshwa.

Kisha nikatoa kidude kiunoni. Nikakipitisha juu ya mfuniko. Pembeni. Chini. Mara mbili, kwa uhakika. Nikaleta na sanduku la manjano, hatua ya pili, mtu asije akasema tena.

Sifuri.

Nikala yote. Samaki, viazi, mayai. Zeituni nne badala ya tatu. Chumvi ilizidi kidogo.

Jioni hii nimelifikiria vizuri, na sielewi. Nimemharibia zamu. Nimemvua nguo mbele ya watu laki mbili. Na bado ananiletea chakula, tena cha moto, na zeituni ya nyongeza. Mimi ni polisi miaka ishirini na sita. Mtu hafanyi hivyo bila sababu. Meza yangu? Anataka airudie? Au ameshasikia kwamba mtu wa Toronto naye anastaafu mwezi wa sita?

Nitamchunguza. Jumanne ijayo nitaleta kidude na betri mpya.